Mbwa Kadhaa wa Nyumba Moja Kuugua kwa Pamoja: Uchambuzi wa Sababu na Njia za Kukabiliana

Chanzo cha mkanganyiko

Mbwa watatu au wanne wa nyumba moja wanapoanza kutapika, kuharisha au kutetemeka ndani ya juma moja, hukumu ya majirani huwa imekwisha kutolewa kabla daktari wa mifugo hajafika: mbwa wamelishwa sumu. Hukumu hiyo haikuzuka bure. Katika miji ya Afrika Mashariki mbwa wengi hufugwa kwa ajili ya ulinzi, na wezi wamezoea kurusha ndani ya ua nyama iliyotiwa dawa ya wadudu kabla ya kuvunja nyumba, kwa hiyo mwenye nyumba anayewakuta mbwa wake alfajiri wakitokwa na povu ana kila sababu ya kuwafikiria wezi. Tatizo huanza pale maelezo hayo yanapotumiwa kwa kila tukio, hata kwa watoto wa mbwa wa miezi mitatu wanaoharisha damu mmoja baada ya mwingine kwa muda wa siku kumi, kwa sababu anayeamini kuwa amefanyiwa uhasama hutumia siku za kwanza, ambazo ndizo zenye thamani kubwa kwa mgonjwa, kumtafuta adui, huku mbwa wazima wakiendelea kunywa maji katika bakuli moja na wagonjwa.

Wapo wanaokosea kwa upande mwingine, ambao kila kuharisha kwao ni parvo, ugonjwa wa virusi wa mbwa, na kila parvo hutibiwa kwa antibiotiki iliyonunuliwa agroveti bila mbwa kuonwa na mtaalamu. Na wapo wanaofuta kabisa uwezekano wa maambukizi kwa hoja kwamba mbwa wao wamechanjwa, ilhali chanjo waliyopata ni ile ya kichaa cha mbwa inayotolewa katika kampeni za serikali, ambayo ni muhimu mno lakini haikingi parvo wala distempa, ugonjwa mwingine wa virusi.

Haifai kudhani kwamba mkanganyiko huu ni wa nchi zenye maabara chache tu. Mwaka 2019 nchini Norwei mbwa wengi walikufa kwa kuharisha damu, na taasisi za huko, pamoja na vifaa vyote zilivyokuwa navyo, zilikuta bakteria aitwaye Providencia alcalifaciens kwa wengi wa mbwa waliochunguzwa bila kuweza kutamka mara moja kwamba yeye peke yake ndiye aliyewaua. Mwishoni mwa mwaka 2023 nchini Marekani kikohozi cha mbwa kilichoripotiwa Oregon na majimbo mengine kilizua hofu ya ugonjwa mpya, na hofu hiyo ilipungua bila kirusi chochote kipya kuthibitishwa kuwa ndicho chanzo. Mfugaji wa Tabata au Kasarani asiyepata jibu la uhakika kwa siku mbili hana la kujilaumu. La kujiuliza ni nini cha kufanya wakati jibu bado halijapatikana.

Sababu zinazoweza kuwaangusha mbwa kwa pamoja

Sababu hizo huweza kugawanywa katika makundi matatu, ingawa mipaka yake si mikali.

Kundi la kwanza ni sumu za ghafla. Dawa za wadudu za jamii ya oganofosfeti na kabameti huzuia kimeng'enya kinachozima ishara za neva, hivyo misuli na tezi hubaki katika amri ya kufanya kazi bila kukoma: mbwa hutokwa na mate, mboni za macho husinyaa, mwili hutetemeka, na kifo huweza kufika ndani ya saa chache. Si lazima pawepo mwizi. Dawa ya josho la ng'ombe iliyochanganywa kwa makadirio na kupakwa kwa mbwa wote siku moja ili kuua kupe huweza kuleta dalili hizo hizo, na katika hali hiyo aliyewapa mbwa sumu ni mwenyewe aliyekuwa akiwatunza. Sumu ya panya ya aina inayozuia damu kuganda ni tofauti, kwa kuwa dalili zake, yaani kutokwa na damu, udhaifu na ufizi kuwa mweupe, huanza siku tatu hadi tano baada ya kuliwa.

Kundi la pili ni maambukizi. Parvo ni virusi vilivyotambuliwa kwa mbwa mwaka 1978, vyenye undugu na virusi vya paka, na ambavyo ndani ya muda usiozidi miaka miwili vilikuwa vimeenea duniani. Hushambulia seli zinazogawanyika upesi, yaani zile za utumbo na za uboho wa mifupa, ndiyo maana mbwa huharisha damu huku kinga yake ya mwili ikiporomoka. Distempa, inayotokana na virusi vya jamii moja na surua, huanza kwa makamasi na kikohozi, huingia tumboni, na wiki kadhaa baadaye huweza kuleta kifafa kwa mbwa aliyedhaniwa kuwa amepona. Magonjwa ya kupe, hasa babesia inayovunja chembe nyekundu za damu na erlikia inayoshambulia chembe nyeupe, hayapiti moja kwa moja kutoka mbwa hadi mbwa kwa kugusana, bali kwa kupe wa mbwa, ambaye hutaga mayai kwa maelfu katika nyufa za ukuta na za banda. Wanaolala banda moja hushiriki kupe wale wale.

Kundi la tatu, ambalo husahaulika kuliko yote, ni chakula cha kila siku. Mbwa wengi wa mijini hula ugali wa dona au wa pumba uliochanganywa na dagaa, utumbo au vichwa vya kuku, na mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu huota kuvu wanaotengeneza sumukuvu, inayoitwa pia aflatoksini, ambayo huharibu ini. Kuipika hakusaidii, kwa sababu joto la jikoni haliivunji. Hatari hii huongezwa na desturi mbili zinazoonekana kuwa za busara: punje zilizooza huchambuliwa kutoka katika chakula cha watu na kupelekwa kwa wanyama, na mahindi yanapokobolewa, sehemu kubwa ya sumu hubaki katika pumba, kwa hiyo familia inayokula sembe huweza kubaki salama huku mbwa wake wakila kile kilichoondolewa. Historia ya Kenya inaonyesha kwamba jambo hili si la kufikirika. Mwaka 1977 mbwa na kuku wengi walikufa Nairobi, Mombasa na Eldoret kwa chakula kilichoharibiwa na hifadhi mbaya; mwaka 1981 vifo vya watu vikatokea Machakos; na mwaka 2004, katika mlipuko mkubwa zaidi mashariki mwa nchi hiyo, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafariki. Tanzania nayo ilipata mlipuko wa sumukuvu katika mikoa ya Dodoma na Manyara mwaka 2016. Mbwa wanaokataa chakula, wanaotapika na ambao weupe wa macho yao umekuwa njano baada ya kufunguliwa kwa gunia jipya wanatoa habari ambayo jikoni pia inapaswa kuisikia.

Muda kama ushahidi, na mipaka yake

Kwa mfugaji asiye na maabara, ushahidi bora alio nao ni mpangilio wa matukio: nani aliugua kwanza, nani alifuata, baada ya siku ngapi, na nani hajaugua mpaka sasa. Wataalamu wa milipuko hutofautisha chanzo cha pamoja, ambapo wote hukutana na kisababishi kwa wakati mmoja na kuugua karibu pamoja, na mlipuko wa kuambukizana, ambapo wagonjwa hutokea kwa mawimbi yanayolingana na kipindi cha kuatamia, yaani muda kati ya kuambukizwa na dalili ya kwanza. Mbwa wakubwa walioachiwa uani usiku wakianguka wote alfajiri, huku aliyefungwa kwenye banda akiwa mzima, ni vigumu kuepuka dhana ya sumu. Parvo kwa kawaida huatamia siku tatu hadi saba, na huweza kufika siku kumi na nne, tena huchagua watoto wa mbwa na wasiochanjwa, hivyo mama mzima anayezungukwa na watoto wanaougua kwa kupishana siku ni picha ya parvo. Chakula chenye sumukuvu hakibagui umri. Hubagua sahani, na mbwa wa jirani anayekula kingine hubaki mzima.

Nguvu ya hoja hii ni kwamba haihitaji fedha, na daktari anayepewa orodha ya tarehe hufanya kazi upesi kuliko anayepewa tuhuma. Hata hivyo ina udhaifu wa aina mbili. Kwanza, watoto wa uzao mmoja waliokutana na kinyesi chenye parvo siku moja huweza kuugua siku moja, na kwa macho ya mtaa hiyo itakuwa sumu. Kinyume chake, sumu ya panya iliyoliwa kwa viwango tofauti huwaangusha mbwa kwa siku tofauti, ikafanana na maambukizi. Pili, kisababishi si lazima kiwe kimoja, na hapa mfano ulio bora haumhusu mbwa wa nyumbani bali simba. Mwaka 1994 distempa, ambayo wakati huo ilihusishwa na mbwa wa vijiji vinavyopakana na hifadhi, iliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, wapatao 1,000. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2008 ulibainisha kwamba simba hao walikuwa wamewahi kupitia distempa bila vifo vya kiwango hicho, na kwamba kilichoifanya ya 1994 kuwa ya kutisha ni ukame uliodhoofisha nyati na kuwajaza kupe, kisha simba waliowala nyati hao wakapata mzigo mkubwa wa babesia wakati ule ule distempa ilipokuwa imeangusha kinga yao. Banda la mbwa wanne lililojaa kupe na minyoo liko katika hali inayokaribiana na hiyo, na daktari anayekuta babesia kwa mbwa mmoja hapaswi kuridhika kwamba amemaliza kutafuta.

Mjadala wa kutenga

Kuna wanaodai kwamba kuwatenga wagonjwa hakuna maana, kwa kuwa mbwa wote wamekwisha kulala, kula na kulambana pamoja, na kwa parvo mgonjwa huanza kutoa virusi katika kinyesi kabla hajaonyesha dalili. Dai hili lina ukweli ndani yake, lakini linachukulia kuambukizwa kama jambo la ndiyo au hapana. Wingi wa virusi anaopokea mnyama una athari katika ukali wa ugonjwa, na mbwa mmoja anayeharisha hutoa virusi vingi mno kila siku, hivyo kumwondoa bado kunapunguza mzigo kwa wengine, hasa kwa yule aliyekuwa na kinga nusu.

Ugumu halisi uko kwa binadamu. Katika nyumba nyingi anayehudumia mbwa ni mtu mmoja, mlinzi au msaidizi wa nyumbani, na viatu vyake hubeba kinyesi kutoka banda moja hadi jingine kwa uhakika kuliko mbwa wenyewe wangefanya. Utaratibu wa kuwahudumia wazima kwanza na wagonjwa mwisho, kwa viatu na ndoo tofauti, una faida kubwa kuliko ukuta. Kwa upande wa usafi, parvo hustahimili sabuni na dawa nyingi za kusafishia, ila hufa kwa dawa ya klorini ambayo wengi huiita jiki, sehemu moja katika sehemu thelathini za maji, ikiachwa kwa dakika kumi juu ya sakafu iliyokwisha kuoshwa. Kuimwaga kwenye udongo au juu ya kinyesi ni kuipoteza, kwa kuwa uchafu huimaliza nguvu.

Kutenga kuna sababu nyingine isiyojadiliwa sana, nayo ni usalama wa watu. Mbwa aliyebadilika tabia, anayeshindwa kumeza au anayetokwa na mate huweza kuwa na kichaa, na mtu anayeingiza mkono kinywani mwake akidhani amekwama mfupa hujiweka katika hatari isiyo na tiba baada ya dalili kuanza. Aliyeng'atwa huosha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika kumi na tano na kwenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo leptospirosisi, ambayo Watanzania waliifahamu kwa jina la homa ya mgunda baada ya mlipuko wa Lindi wa mwaka 2022 uliohusisha wagonjwa 20 na vifo 3, husambazwa na mkojo wa wanyama, panya wakiwa mbele, na mbwa naye huweza kuwa mgonjwa au mbebaji wake. Mlipuko wa Lindi haukuhusishwa na mbwa, lakini anayesafisha banda la mbwa wenye homa na manjano kwa mikono mitupu haifai kutegemea bahati.

Dripu hospitalini au uangalizi nyumbani

Hapa ndipo uzito wa kuugua kwa pamoja unapotofautiana na kuugua kwa mmoja. Mbwa mmoja mwenye parvo huweza kulazwa. Wanne hugeuza suala la tiba kuwa suala la kugawa fedha kidogo kwa maisha manne. Bila tiba yoyote, vifo vya parvo huweza kufikia tisa katika kila kumi, na tiba yenyewe haiui virusi, ila hurudisha maji na chumvi, huzuia kutapika na hukinga damu dhidi ya bakteria wa utumbo hadi kinga ya mbwa irejee.

Wanaotetea kulaza wote wana hoja yenye nguvu, kwamba maji yanayoingia kwenye mshipa hayasubiri tumbo lililogoma. Wanaotetea uangalizi wa nyumbani hurejea utafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado uliochapishwa mwaka 2017, ambapo mbwa 40 waligawanywa katika makundi mawili sawa, na waliotibiwa kwa utaratibu wa kulazwa wakapona kwa asilimia 90 huku waliotibiwa kwa utaratibu rahisi, wa maji chini ya ngozi na sindano chache, wakapona kwa asilimia 80. Tofauti ni ndogo kuliko wengi walivyotarajia, lakini takwimu hizo husomwa vibaya zinapotolewa nje ya muktadha wake: mbwa wote 40 walipewa kwanza maji ya mshipani, na wale wa utaratibu rahisi waliangaliwa mara kadhaa kwa siku na watu wenye ujuzi, wakapimwa joto na sukari. Kumweka mbwa nyuma ya nyumba na bakuli la maji si utaratibu huo.

Kwa mwenye mbwa wanne na fedha za kulaza mmoja, uamuzi unaoelekea kuwa na mantiki ni kuwapeleka wote kwa tathmini ya mara moja, kumlaza asiyeweza kubakiza maji tumboni au aliyeanza kupoteza fahamu, na kufundishwa na daktari kuwapa waliobaki maji ya chumvi na sukari ya viwandani kidogo kidogo, au sindano za maji chini ya ngozi. Tofauti na hilo, dawa za maumivu za binadamu kama diklofenaki, ibuprofeni na parasetamoli zimewaua mbwa ambao ugonjwa wenyewe ungewaacha, kwa kuharibu figo, tumbo au ini. Maziwa na mafuta ya kupikia, ambayo ni tiba maarufu ya sumu mitaani, nayo hayana utetezi: maziwa hayazimi oganofosfeti, na mafuta anayonyweshwa mbwa mwenye degedege huishia mapafuni. Sumu ya aina hiyo ina dawa yake, atropini, na sumu ya panya ina vitamini K. Zote mbili humhitaji daktari, na ya kwanza humhitaji kwa dakika.

Chanjo kabla na katikati ya mlipuko

Kuhusu chanjo, mjadala wenye maana hauhusu kama inafanya kazi. Unahusu kwa nini mbwa waliochanjwa huugua. Mtoto wa mbwa hurithi kinga kutoka katika maziwa ya mama, na kinga hiyo hiyo huizima chanjo; inapopungua hufika kipindi ambacho haitoshi kumlinda lakini bado inatosha kuibatilisha chanjo. Kwa sababu hakuna ajuaye siku hiyo kwa kila mtoto, mwongozo wa chama cha kimataifa cha madaktari wa wanyama wadogo hutaka sindano zianze katika wiki ya sita hadi ya nane na zirudiwe kila baada ya wiki mbili hadi nne mpaka wiki ya kumi na sita au zaidi. Sindano moja ya wiki ya nane, ambayo ndiyo wauzaji wengi wa watoto wa mbwa huiita chanjo kamili, huacha pengo pale pale parvo inapopenda. Zaidi ya hayo, chanjo ya distempa na parvo ina virusi hai vilivyodhoofishwa vinavyohitaji baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na umeme unaokatika dukani haubandiki alama kwenye chupa.

Kuchanja katikati ya mlipuko kuna wapinzani wanaohofia kuongeza mzigo kwa mbwa aliyekwisha kuambukizwa. Kwa mgonjwa hoja hiyo inasimama. Kwa mzima aliye hatarini haisimami, kwa kuwa kinga huanza kujengeka ndani ya siku chache, na vituo vya kuhifadhi mbwa huchanja siku ya kupokea kwa sababu hiyo hiyo. Asiyewahi kuambukizwa hunufaika, na aliyekwisha kuambukizwa hapotezi kitu kikubwa.

Kipimo kimoja kwa kundi zima

Kosa la kiuchumi linalojirudia ni kuchukulia kila mbwa kama kesi yake katika uchunguzi, kisha kuwapa wote dawa ile ile katika tiba. Mpangilio wa kinyume ndio wenye faida. Kipimo cha haraka cha parvo cha mbwa mmoja, au damu ya mmoja iliyotazamwa chini ya hadubini kwa babesia, hutoa habari inayowahusu wenzake wote, ilhali kiasi cha maji, dawa na uangalizi hutegemea uzito na hali ya kila mmoja.

Mbwa aliyekufa anaingia katika hesabu hiyo hiyo. Desturi ni kumzika upesi, na huzuni ya familia inaeleweka, lakini mzoga uliowekwa kwenye barafu bila kugandishwa na kufikishwa kwa mpasuaji ndani ya siku moja, katika hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo mjini Morogoro, Kabete jijini Nairobi au maabara ya Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, huweza kusema kilichowapata walio hai. Sampuli za tumbo zinazoshukiwa kuwa na sumu zina njia yake kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, na hapo tuhuma dhidi ya jirani hupata uthibitisho au hukoma. Pale inapothibitika kuwa ni parvo, gharama ya kipimo huendelea kulipa baada ya mazishi, kwa sababu virusi hivyo hukaa katika udongo wenye kivuli kwa miezi mingi, huweza kufika mwaka, na mwenye nyumba aliyeamini kuwa mbwa wake walilishwa sumu huleta mtoto mwingine wa mbwa wiki ya pili, asiyechanjwa, katika ua ule ule.